Ramani ya Watani

Mpima, mashine ya kupima kauli za watu, hakuwa na sikio la mzaha, na hilo Siwema Mkude alilijua kuliko mtu yeyote pale Morogoro, kwa kuwa yeye ndiye aliyeajiriwa kumfundisha kusikia. Ndiyo maana kila alipokumbuka jibu alilompa, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi hiyo alikuwa peke yake kwenye chumba cha majaribio, juu kabisa ya jengo la Mamlaka ya Kauli. Ukungu ulikuwa bado haujaachia milima ya Uluguru. Mbele yake kioo kilikuwa kinajaa nukta, na kila nukta ilikuwa mtu. Zilianza zikiwa za kijivu, zimetapakaa ovyo, halafu zikaanza kusogeleana, kukusanyika, kushika rangi. Njano huku, zambarau kule, kijani pembeni. Aligusa nukta moja ya kijani, akasoma: Mkude, Siwema. Mluguru. Uhakika mkubwa.

"Ebo!" alisema kwa sauti, ingawa hakukuwa na wa kumsikia. Hakuwahi kumwambia Mpima kabila lake. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

Mlango ukafunguka, akaingia Dokta Ernesta Rwehumbiza, mkuu wa idara, na vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchapakazi, mwenye tabia ya kuwaletea chai vijana wake pale alipotaka jambo kutoka kwao.

"Imekubali?"

"Imekubali, Dokta."

"Nilijua tu! Mungu akupe nini tena, binti yangu?" Aliweka kikombe mezani, akainama kwenye kioo, macho yakamng'aa. "Shauri la mzee wako Maganga linasikilizwa saa tisa. Ukiiwasilisha ramani hii, jioni yuko kwake. Yeye na wengine wote waliofungiwa kwa ajili ya utani, na ni mamia, Siwema. Wengine wamekaa Nyumba ya Kimya tangu masika."

Siwema alishika kikombe, hakunywa. Chai ya bosi haijawahi kuwa chai tu.

Sasa sikiliza mambo yalivyoanza, maana ukiyasikia nusu utamlaumu bure, na ukiyasikia yote utamlaumu vizuri.

Baba yake, Mzee Kobelo, aliugua kwa muda mrefu. Siwema aliomba likizo akamuuguza mwenyewe mpaka mwisho. Tangazo la msiba lilipowekwa kwenye kundi la familia, wa kwanza kujibu alikuwa Maganga Kasanda, Mnyamwezi, dereva mstaafu wa treni, rafiki wa marehemu tangu ujana na mtani wake wa kufa na kuzikana. Aliandika: "Kobelo, umefanya vizuri kufa, nilikuwa nimechoka kukungoja. Nakuja kulala humo kaburini nione kama panatosha. Nikitoka hapo naanza na watoto wako, mmoja baada ya mwingine, na wa kwanza ni huyo Siwema mwenye mdomo. Watumwa wangu nyie, nitawamaliza!"

Siwema alicheka mpaka akakaa chini. Hiyo ndiyo kazi ya mtani: wafiwa wakishakauka machozi, anakuja kuwatukana ili wapate kupumua. Na siku ya maziko kweli Mzee Maganga aliruka ndani ya kaburi na koti lake la reli, akalala chali, akagoma kutoka mpaka aletewe jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Alipotolewa humo ndipo naye akalia, kuliko hata wafiwa.

Lakini Mpima, ambaye hupima kila neno linalopita kwenye simu ya kila mtu, alikuwa ameshayapima yale maneno ya mwanzo akayaona mazito. Akafanya alivyofundishwa, akamtumia Siwema swali: "Je, unahofia usalama wako kutokana na kauli hii?"

Swali lile Siwema alilijua neno kwa neno, alilitunga yeye. Alijua pia jibu lake linakokwenda: orofa ya chini, chumba cha wasomaji, ambako kina Bi Zamda walikaa na kahawa zao wakitenganisha matusi ya kweli na matusi ya mapenzi. Akamwona Bi Zamda akilini, miwani puani, akiangua kicheko. Akaandika: "Nahofia mno! Mkamateni huyo Mnyamwezi, mfungeni, msimwachie hata akilia!" Mtani hajibiwi kwa upole. Ukimjibu kwa upole umemkana.

Kumbe chumba cha wasomaji kilikuwa kimefungwa wakati yeye yuko hospitali na baba yake. Bi Zamda na wenzake walikuwa wameshaagwa kwa keki na maneno matamu, na jibu lile lilisomwa na Mpima mwenyewe. Akaona kwamba mlengwa amethibitisha hofu. Hata matanga hayajaanuliwa, askari wakamchukua mzee.

Siwema alikimbia kulifuta jibu lake. Haikuwezekana. Kanuni ilikataza mlengwa kufuta lalamiko, kwa kuwa zamani wanawake walikuwa wakilazimishwa na waume zao kuyafuta, na Siwema mwenyewe aliipigania kanuni hiyo. Akaenda kueleza kwa mdomo. Jopo la Rufaa halikusikiliza midomo, lilisikiliza ushahidi wa mfumo tu, kwa kuwa midomo hununuliwa. Kila mlango alioubisha ulikuwa umefungwa kwa sababu nzuri.

Ikabaki njia moja, kumfundisha Mpima utani. Na ili Mpima autambue utani, alihitaji kujua nani ni mtani wa nani, na ili alijue hilo alihitaji kabila la kila mtu. Kabila halikuandikwa popote, si kwenye sensa wala kwenye fomu ya shule. Nchi ilikuwa imekataa kwa makusudi, miaka na miaka. Basi Siwema akatafuta njia ya panya. Alimwagiza Mpima apekue mazungumzo ya nchi nzima, atafute mahali mtu anamtukana mwenzake tusi zito na mwenzake anajibu kwa kicheko au kwa tusi kubwa zaidi, kisha kesho yake wanasalimiana kama kawaida. Ukishajua nani anatukanana na nani bila kukasirikiana, makundi yanajichora yenyewe. Ukijua kabila la wachache katika kila kundi umewajua wote, hata yule ambaye hajawahi kutamka neno moja la lugha ya bibi yake.

Aliifanya kazi hiyo kwa hasira na majuto, bila kuinua kichwa. Sasa alikuwa ameinua kichwa, na alichokiona kwenye kioo kilimtisha.

"Dokta," alisema, "ufunguo wa ramani hii atakuwa nao nani?"

"Sisi."

"Sisi akina nani?"

"Siwema, mama, usianze nongwa." Dokta Ernesta alicheka kidogo. "Wewe unataka mzee atoke. Mimi nataka Mpima aache kuniaibisha. Tunataka kitu kimoja. Kunywa chai yako."

*

Nyumba ya Kimya, wanakowekwa wanaosubiri Jopo la Rufaa, ilikuwa jengo safi lenye maua mlangoni. Siwema aliingia kwa kibali cha mtaalamu wa shauri. Njiani alikuwa amejiandalia maneno: atamwambia mzee kwamba humo ndani amenenepa kwa chakula cha bure, kwamba Wanyamwezi wasipobebeshwa mizigo hawana maana. Lakini mzee alipoinuka kitini kumpokea, koti lake la reli likining'inia mabegani, maneno yote yalimkauka.

"Shikamoo, mzee," akajikuta anasema.

"Marahaba, mheshimiwa. Hujambo? Karibu ukae."

Tangu Siwema azaliwe hawajawahi kusalimiana namna hiyo. Siku zote ilikuwa ni "umekuja tena, mtumwa?" na yeye anajibu "nimekuja kukuhesabu, usije ukatoroka." Leo mzee alimwita mheshimiwa, na alimaanisha. Siwema aliona afadhali angezabwa kibao.

"Nimeambiwa ulisema unaniogopa," mzee alisema.

"Nilikuwa nakutania."

"Uliitania mashine?"

"Nilidhani kuna mtu."

Mzee aliitazama mikono yake. "Hata mimi, nilipokuwa naandika, nilidhani naongea na watu." Alilivuta koti lake mabegani. "Siwema, sina nguvu ya kugombana. Niambie jambo moja. Nyamizi anajua niko wapi?"

Nyamizi alikuwa mke wake, yuko Tabora, macho yake yameisha. Kila jioni mzee alikuwa akimpigia simu kumsimulia siku nzima ilivyokwenda, nani kapita, nani kafanya nini, mpaka mama wa watu anasinzia na simu sikioni. Aliyewekwa kimya hapigi simu. Na anayemfikishia mtu maneno ya aliyewekwa kimya, naye huhesabiwa kosa kwenye namba yake, ile inayomfungulia kila mtu simu, mshahara na milango.

"Hajui," Siwema alisema.

"Basi anadhani nimekufa, au nimepata mwanamke." Midomo yake ilichezacheza, karibu atabasamu. "Mungu amjalie adhani nimekufa."

Siwema akamweleza habari ya ramani, yote, bila kumficha. Alimweleza hata Mwaka wa Moto, ingawa mzee aliujua. Mwaka ule uvumi wa kwenye simu uliwasha masoko, vijana wakafunga barabara na mapanga wakiwauliza wapita njia majina. Siwema alikuwa mwanafunzi, alikuwa kwenye basi mojawapo. Mwenzake wa kiti cha jirani alitaja jina lake la ubatizo na la baba, majina ambayo angeweza kuwa nayo mtu wa popote, na vijana wakasita, wakamwacha. Ni kwa ajili ya Mwaka wa Moto kwamba Siwema aliomba kazi kwa Mpima. Alitaka uvumi ule usirudi tena.

"Ramani hii ikiwepo, mzee, hakuna atakayesita."

Mzee Maganga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. Usidhani alitoa hekima yoyote. Alikuwa mtu mzima aliyechoka na kuogopa.

"Mimi kabila langu nimelitangaza kila stesheni kutoka pwani mpaka Kigoma."

"Wewe ulitangaza kwa hiari yako. Wengine hawakutangaza."

"Nami nina miaka mingapi ya kuwangojea hao wengine?" Sauti ilimpasuka. "Nikishindwa leo ni kimya cha miaka kumi. Miaka kumi, Siwema! Mimi ni wa kufikisha hiyo? Mambo ya nchi mtayajua nyie wenye vioo. Mimi nataka kwenda kwa mke wangu. Nitoe, mwanangu. Uliniingiza kwa mdomo wako, nitoe kwa mkono wako."

Angesema nini? Wewe ungesema nini? Siwema alimshika mikono.

"Nitakutoa," alisema. Na wakati anasema, alimaanisha.

*

Alirudi kazini mbio, akaanza kuifunga ramani tayari kwa Jopo. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Chini ya sheria iliyotungwa kuwabembeleza vijana wa kompyuta wasikimbilie nje, chochote ulichokiandika kilibaki mali yako mpaka utie kidole mbele ya shahidi. Baada ya hapo ni cha mwajiri, na huwezi tena kukigusa. Siwema angekitia kidole hicho saa tisa, mbele ya Jopo, mzee akatoka, basi. Alijiambia ataomba mipaka iwekwe. Alijiambia ataandika waraka mkali. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Ndipo pembeni ya kioo akaona mstari ukitembea. Kulikuwa na mtu mwingine ndani ya ramani.

Alidhani ni kosa. Akausogeza karibu. Ombi lilikuwa limeandikwa kwa Kiswahili safi cha ofisini: wenye vibanda wa Soko Jipya, kundi la zambarau tu, majina, nyumba wanazolala, saa wanazorudi nyumbani, majina ya watoto na shule zao. Ramani, kwa utiifu, ilikuwa tayari inajibu. Majina yalikuwa yanashuka moja baada ya jingine. Siwema aliyasoma akatambua jina la mama anayemuuzia nyanya. Mama yule aliongea Kiswahili cha Morogoro, alicheka Kimorogoro, na Siwema hakuwahi kujua wala kujiuliza kwao wapi. Sasa alijua, na yeyote aliyeko upande wa pili alijua.

Neno utani halikuwemo katika ombi lile, si mwanzo wala mwisho.

Alizima mlango wa majaribio ambao mtu huyo aliingilia ndani ya ramani, akashuka ngazi, akaingia ofisini kwa Dokta Ernesta bila kubisha hodi.

"Dokta, nani mwingine ana ufunguo wa majaribio?"

Dokta Ernesta hakujifanya hajui, na kwa hilo tumpe haki yake. Alivua miwani.

"Waliomba kuangalia tu."

"Kuangalia wauza nyanya wanalala wapi? Kuangalia watoto wao wanasoma shule gani?"

"Punguza sauti."

"Ramani ina siku ngapi tangu izaliwe, Dokta? Haijatambaa! Na tayari kuna mtu anaiuliza kundi la zambarau linalala wapi!"

"Nilipigiwa simu kutoka juu, Siwema. Unajua kupigiwa simu? Nina watoto, nina wafanyakazi kwenye jengo hili ambao kesho wanaweza kuagwa kwa keki kama Bi Zamda." Alisogeza kiti. "Na tuambiane ukweli. Wewe mtu mmoja umeifanya kwa wiki chache. Ukikataa, watamtafuta mwingine ataifanya."

"Aifanye. Asiifanye kwa mkono wangu."

"Haya, mkono wako." Sauti ya Dokta ilikuwa ya upole sasa, na upole huo ulikuwa mbaya zaidi. "Na mzee wako? Na wale mamia? Hao mashetani unaowaogopa hawajafanya kitu bado. Wale waliofungwa wamefungwa kweli, leo, sasa hivi, wameacha wake zao na wagonjwa wao. Utawaambia nini?"

Dokta alikuwa amesema kweli, na alikuwa amesema uongo pia, na Siwema hakuweza kuvitenganisha akiwa amesimama pale. Alirudi juu kuchukua kifaa chake, maana saa tisa ilikuwa imekaribia.

*

Chumba cha Jopo kilikuwa kidogo na baridi. Mwenyekiti alikuwa bwana mmoja mwenye kukohoa, amekaa katikati ya wenzake wawili. Mzee Maganga aliketishwa pembeni. Alikuwa amelipiga koti lake pasi, sijui alipata wapi pasi, na nywele zake chache alikuwa amezichana. Siwema alipoingia, mzee alimtazama akatabasamu, tabasamu la meno yote, la kwanza tangu msiba. Alijua anakwenda nyumbani.

Laiti asingetabasamu.

"Mtaalamu," Mwenyekiti alisema, "Jopo limearifiwa kuna ushahidi mpya wa mfumo."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Uwasilishe."

Siwema aliweka kifaa mezani. Ramani ikafunguka ukutani, na hata wale wa Jopo walisogea mbele kwenye viti vyao. Nukta zilikuwa nzuri, lazima isemwe, zimejaa ukuta mzima kwa rangi zake. Mjumbe mmoja alikuwa tayari ananyoosha shingo kutafuta nukta yake mwenyewe. Dokta Ernesta alikuwa amekaa nyuma, mikono mapajani.

Chini ya ramani kulikuwa na maneno mawili: Kabidhi. Futa.

Siwema alimtazama mzee. Akamfikiria Nyamizi na simu isiyolia. Akawafikiria wale wa kwenye basi, na jinsi kijana mwenye panga alivyosita kwa sababu jina halikumwambia kitu. Kusita kule kulikuwa kufupi sana, na ndiko kulikomwacha mwenzake hai. Hakuwa na uhakika. Nataka ujue hilo: hakuwa na uhakika hata kidogo.

Akagusa Futa.

Kifaa kikamuuliza kama ana hakika. Akagusa tena.

Rangi zikaanza kuondoka ukutani, zambarau, kisha njano, kisha kijani. Nukta zikarudi kijivu, zikatapakaa, zikaisha. Ukuta ukabaki mweupe.

"Mtaalamu," Mwenyekiti alisema baada ya kukohoa, "ushahidi uko wapi?"

"Haupo, mheshimiwa. Nimeufuta."

"Umeufuta?"

"Ulikuwa mali yangu. Lakini mimi mwenyewe nipo, na ndiye niliyeandika lile jibu. Nilikuwa natania. Mzee huyu ni mtani wetu, alimzika baba yangu, hakuna aliyemlilia baba yangu kuliko yeye. Niulizeni chochote, niapisheni kwa—"

"Jopo halipokei maelezo ya mdomo." Mwenyekiti hakusema kwa ukali. Alionekana kama mtu anayetamani kanuni ingekuwa nyingine. "Kwa kukosekana ushahidi wa mfumo, rufaa imeshindwa. Kimya cha miaka kumi."

Viti vilisogezwa. Dokta Ernesta alitoka bila kumtazama. Mzee Maganga alibaki ameketi, lile tabasamu likiwa bado limesahaulika usoni mwake, halijapata habari.

*

Aliyehukumiwa kimya hafungwi. Mzee walimfungulia mlango, wakampa begi lake, maana mji wenyewe ndio unaomfunga. Siwema alimfuata kwa mbali. Aliona watu wakisoma simu zao zilizokuwa zikiwaonya mzee anapokaribia, kisha wakigeukia upande mwingine. Muuza maji alivuta toroli lake pembeni. Mama mmoja alimvuta mtoto mkono. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na namba zao za kulinda.

Mzee alikwenda moja kwa moja stesheni. Miguu ilimpeleka yenyewe, maana ndiko ilikozoea. Alifika getini akasimama, akangoja lifunguke. Halikufunguka. Akarudi nyuma hatua, akasogea tena, taratibu, kana kwamba kosa lilikuwa la mwendo wake. Halikufunguka. Ndani, treni ya Tabora ilikuwa inapakia abiria. Aliweka begi chini, akashika vyuma vya geti kwa mikono miwili.

Siwema alisogea mpaka karibu yake. Simu yake ikatetemeka: uko karibu na mtu aliye kimya, ukizungumza naye, utahesabiwa.

Mzee alijua nani amesimama nyuma yake. Hakugeuka.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema.

Siwema alitaka kupiga magoti. Alitaka kumweleza habari ya wauza nyanya, ya watoto na shule zao. Lakini maelezo yalikuwa ya nini? Mzee alikuwa ameshika geti, na treni ilikuwa inapiga honi. Machozi yalimjaa, akayafuta kwa kiganja kwa hasira, akavuta pumzi.

"Hebu toka hapo getini, Mnyamwezi wewe!" alipiga kelele. "Unawazuia watu wenye akili!"

Abiria wakageuka. Simu mfukoni ikatetemeka kwa nguvu.

Mzee aligeuka, macho yamemtoka. "Siwema, nyamaza. Watakufungia."

"Aibu gani hii! Babu zako walitoka Tabora mpaka pwani kwa miguu, pembe za ndovu za watu mabegani, tena wanaimba! Wewe umewekewa kigeti cha bati unalia? Nani kakudanganya kwamba Mnyamwezi anahitaji treni? Mtumwa mkubwa! Ningekuwa Nyamizi ningeolewa tena!"

Simu ilitetemeka mfululizo, kisha ikanyamaza. Aliitoa akaitazama. Kioo kilikuwa cheusi. Namba yake, mshahara wake, mlango wa nyumba yake, kazi yake ya maisha, vyote vilikuwa vimezimika ndani ya dakika moja. Alihisi hofu ya kweli. Aliitupa simu ile kwenye pipa la takataka.

Watu walikuwa wameshajitenga nao wote wawili. Treni ikaondoka.

Mzee Maganga alimtazama.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sijaomba."

"Tabora ni mbali."

"Najua ni mbali."

"Hujui kitu." Alijifuta uso kwa mkono wa koti lake, akamkagua kuanzia kichwani mpaka miguuni, bila haraka. "Mluguru mwenyewe umezaliwa mlimani, mguu mmoja mrefu mmoja mfupi. Kwetu ni tambarare. Utazunguka mahali pamoja mpaka ufe, nianze tena kazi ya kuzika."

Siwema alicheka, na kicheko kikageuka kilio, hakuweza kukizuia. Mzee hakumbembeleza. Alisubiri amalize. Kisha akalisukuma begi lake kwa mguu mpaka likafika mbele yake.

"Jitwike," alisema. "Babu zangu walibeba ya kutosha. Leo zamu yenu."

Siwema akainama, akajitwika begi kichwani, wakashika njia ya kando ya reli.